Mnazi wenye vidato uko hai, mchungwa uliogugunwa gome umekufa: kwa nini?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nyumbani kwetu Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, kuna mnazi alioupanda babu. Umechongwa vidato vya kupandia tangu chini hadi karibu na makuti, na bado unazaa. Hatua chache kutoka hapo tulikuwa na mchungwa, mche wa kubebesha tulioununua Muheza. Mbuzi wakaguguna gome lake kuuzunguka mti wote, upana wa kiganja tu. Majani yakabaki mabichi kwa miezi, ukachanua hata kuliko msimu uliopita, tukasema umepona. Kisha ukasinyaa na kukauka wote. Imekuwaje mti uliokatwakatwa mwili mzima ubaki, na uliochunwa gome tu ufe? Na hayo maji yanafikaje kileleni mwa mnazi bila pampu?

JIBU: Marahaba, na poleni kwa mchungwa. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Mti wenu haukufa kwa kiu. Ulikufa kwa njaa, na njaa hiyo ilianzia mizizini. Mbuzi hawakuigusa njia ya maji. Walikata njia ya chakula, ile inayotoka majanini kwenda chini, na kuanzia siku hiyo mizizi ikawa inaishi kwa akiba mpaka akiba ikaisha. Mnazi umesalimika kwa sababu njia zake hazikupangwa kama za mchungwa, na panga la mkwezi halizifikii zote.

Wengi tumekua tukijua kwamba mti hulishwa na mizizi. Mizizi huleta maji na madini ya udongo: naitrojeni, fosforasi, potasiamu, magnesiamu na mengineyo. Lakini chakula chenyewe, yaani sukari, hutengenezwa kwenye majani kwa mwanga wa jua, maji na hewa ya kabonidayoksaidi. Mzizi uko gizani, hauwezi kujitengenezea. Ni lazima upelekewe, kila siku, maisha yote ya mti.

Kwa hiyo kuna njia mbili, na ziko mahali tofauti. Ukitaka kuziona, chukua tawi bichi la mchungwa lenye unene wa kidole gumba, wakati wa masika, ulichune kwa kisu kidogo. Gome litabanduka kwa urahisi, kipande kizima. Geuza upande wake wa ndani: ni laini, una majimaji, rangi yake ya maziwa inaelekea kijani. Humo ndimo ilimo floemu, njia ya sukari, na si nene. Kwenye tawi kama hilo haizidi unene wa ukucha wako mara chache. Sasa pitisha kidole juu ya mti uliobaki mkononi. Unateleza. Utelezi huo ni mabaki ya kambiamu, utando wa seli changa ambao upande wa nje huzaa floemu na upande wa ndani huzaa zailemu. Na ule mti mweupe mgumu ndio zailemu yenyewe, njia ya maji.

Tofauti kubwa kati ya hizo mbili ni hii: mirija ya zailemu hufanya kazi ikiwa imekufa. Seli zilizoijenga zimeshaondoka, zimebaki kuta tupu zilizokazwa kwa lignini, na maji hupita ndani yake. Floemu ni lazima iwe hai. Ikikatwa, ikiungua au ikikauka, sukari haipiti.

Meno ya mbuzi yalibandua gome na floemu yake kuuzunguka mti wote, yakaacha mti wa ndani. Maji yakaendelea kupanda kama jana, ndiyo maana majani hayakunyauka na nyinyi mkatulia. Mwitaliano Marcello Malpighi aliwahi kufanya jambo hilohilo kwa makusudi katika miaka ya 1670: alivua gome la miti kwa umbo la pete, akaona sehemu iliyo juu ya pete inavimba na iliyo chini haivimbi. Nendeni mkatazame gogo lenu kama bado limesimama. Juu kidogo ya jeraha mtaona shina limenenepa. Hiyo ni sukari iliyofika hapo ikakosa pa kupitia, na mti ukaitumia kujinenepesha palepale.

Hata yale maua mengi yana maelezo hayohayo. Sukari iliyokuwa iende mizizini ilibaki juu, na mchungwa wenye sukari nyingi matawini huchanua sana. Wakulima wa machungwa na zabibu katika nchi mbalimbali huutumia ujanja huu kwa tahadhari: hupitisha kisu kuzunguka tawi, mkato mwembamba wa milimita chache tu, kambiamu inauziba baada ya wiki kadhaa, na tayari matunda yameshika. Hata anayetoa mche kwa kuvua gome la tawi la mndimu, kulifunga udongo mbichi na kulivika nailoni, anaitegemea sukari hiyohiyo iliyozuiliwa, pamoja na vichocheo vya mmea vinavyoshuka nayo; ndiyo inayootesha mizizi mipya juu ya mkato. Lakini mkato wa upana wa kiganja hauzibiki wenyewe.

Mizizi nayo ilikuwa na wanga uliohifadhiwa. Iliutumia kuota vinyweleo vipya, maana kinyweleo cha mzizi huishi muda mfupi na lazima vingine vishike nafasi yake, na iliutumia kuvuta madini, kazi ambayo inataka nguvu. Wanga ulipokwisha, vinyweleo vilikufa bila kurithiwa. Hapo ndipo maji yalipopungua juu na majani yakasinyaa. Mwisho wake ulionekana kama kiu, na watu wengi hukimbilia kumwagilia maji wakati huo. Haisaidii, kwa sababu wa kuyanywa hayupo tena.

Sasa mnazi.

Ukipata gogo la mnazi lililokatwa kwa msumeno, kama yale yanayochongwa samani au nguzo, tazama uso wake. Hutaona duara za miaka wala gome la kubanduka. Utaona madoa ya kahawia, maelfu, yametapakaa kwenye nyama ya mti iliyo nyepesi zaidi. Pembezoni yamebanana, katikati yameachana. Kila doa ni kifurushi kamili: kina mirija yake ya zailemu, kina floemu yake, na nyuzi ngumu za kukilinda. Mnazi hauna njia moja ya sukari iliyotandazwa chini ya gome. Una maelfu ya njia, na nyingi ziko ndani sana. Kidato kikichongwa kwa kina cha sentimita chache hukata vifurushi vya ukingoni upande mmoja tu, na vifurushi hivyo vimeunganishwa huku na huko, kwa hiyo maji na sukari hupata pa kuzungukia.

Lakini usiondoke ukidhani mnazi hauumii. Mnazi hauna kambiamu, hauwezi kuziba jeraha. Kidato alichochonga mkwezi wa zamani kiko vilevile leo, na kitabaki hivyo mpaka mti uanguke. Vidato virefu vinatuama maji, vinaoza, vinapunguza nguvu ya shina mahali palepale unapokanyaga. Mimi napenda kamba ya miguuni kuliko vidato, na kama ni lazima kuchonga, chonga juujuu. Kuna jambo lingine linalonishangaza kila nikilifikiria: kwa kuwa shina la mnazi halizalishi floemu mpya mwaka hadi mwaka kama mchungwa, seli za floemu zilizoko chini ya shina la mnazi wa babu yenu ni zilezile za tangu mti ulipokuwa mfupi. Zimekuwa hai na kazini kwa miongo.

Tofauti hii ya mpangilio mnaweza kuiona mezani na watoto. Kateni shina changa la mkunde na shina changa la hindi, mkiwa mmezamisha ncha zake majini ili hewa isiingie. Simamisheni yote mawili kwenye glasi ya maji yaliyotiwa wino mwekundu au rangi ya chakula, mahali penye upepo. Baada ya saa chache kateni vipande vyembamba kwa wembe. Kwenye mkunde madoa mekundu yamejipanga duara karibu na ukingo. Kwenye hindi yametawanyika kila mahali. Mchungwa uko upande wa mkunde, mnazi uko upande wa hindi, pamoja na mgomba, muwa na mianzi.

Swali lako la pampu ni gumu zaidi, na liliwasumbua wataalamu kwa muda mrefu. Mgandamizo wa hewa unaweza kuinua maji mita 10 hivi na si zaidi, hata ukifyonza kwa nguvu gani. Minazi mirefu ya kienyeji hupita mita 20. Kule Kilimanjaro kuna mti uliopimwa ukakutwa na mita 81.5, mrefu kuliko miti yote ya asili inayojulikana Afrika. Mizizi husukuma kidogo, ndiyo. Yale matone yaliyojipanga kwenye ncha za majani ya mahindi alfajiri si umande wote, mengine ni maji yaliyosukumwa na mizizi usiku. Lakini msukumo huo ni mdogo, na mchana wa jua kali, maji yanapohitajika zaidi, haupo kabisa.

Mwaka 1891 Mjerumani Eduard Strasburger alieleza majaribio yake ya miti mirefu iliyokatwa chini na kusimamishwa kwenye sumu. Sumu ilipanda ikiua kila seli hai njiani, na bado maji yaliifuata hadi juu. Basi hakuna seli hai inayopiga pampu ndani ya shina. Majani yalipokufa ndipo safari iliposimama. Hapo kuna jibu: nguvu iko juu.

Chini ya jani kuna vitundu vidogo mno vinavyoitwa stomata. Hufunguka ili kuingiza kabonidayoksaidi, na vikifunguka, maji huvukia nje. Karibu maji yote yanayonywewa na mizizi huishia hewani kwa njia hiyo. Yanayobaki kujenga mwili wa mmea ni kidogo sana, hayafiki sehemu 10 katika 100. Kila chembe ya maji inayovukia humvuta mwenzake aliye nyuma, kwa sababu chembe za maji hushikana sana zikiwa ndani ya mrija mwembamba usio na hewa. Mvuto huo hushuka jani hadi kikonyo, kikonyo hadi shina, shina hadi mzizi, kama mtu aliyesimama juu ya kisima anavyovuta kamba na ndoo ikahisi. Henry Dixon na John Joly wa Dublin waliitoa hoja hii mwaka 1894, na hadi leo ndiyo inayokubalika. Gharama ya kazi yote hiyo inalipwa na jua.

Udhaifu wake ni hewa. Kiputo kikiingia mrijani, mnyororo wa maji hukatika na mrija ule hauna faida tena. Mimea imejikinga kwa vichujio vidogo kati ya mrija na mrija vinavyozuia kiputo kisisambae, lakini ukame ukizidi mirija mingi hukatika kwa pamoja na tawi hufa. Anayekata maua ya kupamba meza akate ncha tena chini ya maji, yatadumu.

Mvuto huo una nguvu kuliko tunavyodhani. Maji ya bahari, kwa chumvi yake, yanashikilia maji matamu kwa nguvu inayokaribia mara 25 ya mgandamizo wa hewa, na mikoko ya ghuba ya Tanga huyavuta hivyohivyo. Mkoko wenyewe huiacha chumvi nyingi nje ya mizizi. Mchu, mti mwingine wa jamii ya mikoko, hukubali kiasi fulani kisha huitoa majanini. Ramba jani la mchu wakati wa jua utaonja.

Madini hayaingii ovyo pamoja na maji. Ndani ya mzizi kuna ukuta wa seli zenye mkanda usiopitisha maji, na kila kitu kinachotaka kufika kwenye zailemu lazima kipite ndani ya seli hai, ambayo huchagua. Kuchagua huko kunatumia nguvu, na nguvu inataka oksijeni. Ndiyo sababu mchungwa uliosimama kwenye maji yaliyotuama unanyauka: mizizi imekosa hewa, imeshindwa kazi, ingawa maji yameizunguka.

Kuna faida ya moja kwa moja shambani ukijua ni madini gani husafiri tena kwa floemu na yapi hayasafiri. Naitrojeni, potasiamu na magnesiamu, zikipungua, mti huzitoa kwenye majani ya zamani na kuzipeleka kwenye machipukizi. Kwa hiyo njano huanzia majani ya chini. Chuma na kalsiamu zikishafika jani fulani haziondoki kirahisi, hivyo upungufu wake huonekana kwenye majani machanga ya juu. Kabla ya kununua mbolea, tazama kwanza njano iko wapi.

Na sukari husafirije? Aliyetoa maelezo yanayokubalika ni Mjerumani Ernst Münch, mwaka 1930. Majani hupakia sukari kwenye mirija ya floemu. Sukari ikiwa nyingi huvuta maji kutoka zailemu iliyo jirani, kwa osmosisi, na mgandamizo ndani ya mirija hupanda. Upande wa pili, kwenye mzizi, tunda au chipukizi, sukari hushushwa na kutumiwa, na mgandamizo hupungua. Utomvu hutiririka kutoka penye mgandamizo mkubwa kwenda penye mdogo, kwa mwendo wa kama nusu mita hadi mita moja kwa saa. Haina maana kwamba huenda chini tu. Huenda kwa anayehitaji. Chungwa linaloiva juu ya jani hulishwa kwa floemu, na dafu vivyo hivyo.

Mgandamizo huo si wa nadharia. Vidukari wakitoboa kikonyo cha mchungwa hawafyonzi kwa shida. Utomvu hujisukuma ndani yao, mwingi kuliko wanaoweza kuutumia, na unaobaki hutoka nyuma ukiwa bado mtamu. Ndio ule unata unaoshika vidoleni ukigusa majani, unaovutia sisimizi na baadaye kuota ukungu mweusi.

Na kwa watu wa Tanga nani asiyemjua mgema? Akipanda na kotama yake hatoboi shina. Anafyeka ncha ya karara changa, ambako sukari ilikuwa inaelekea kutengeneza maua na nazi, akatundika chombo. Tembo jipya, kabla halijaanza kuchacha, lina sukari kiasi cha asilimia 12 hadi 18, na karibu yote ni ileile ya mezani, sakarosi. Hicho ni chakula kilichotoka majanini na kwenye akiba ya shina. Kila siku lazima arudi afyeke tena kipande chembamba, kwa sababu floemu hai ina tabia ya kujiziba ikikatwa. Mti wa zailemu tupu usingefanya hivyo.

Floemu hiyohiyo ndiyo mlango wa adui mbaya kabisa wa minazi ya pwani yetu, ugonjwa wa kunyong'onyea. Kinachousababisha ni fitoplazma, vijidudu vidogo kuliko bakteria wa kawaida, ambavyo ndani ya mmea huishi kwenye floemu tu. Nazi changa hupukutika, karara hugeuka nyeusi, makuti yanakuwa ya njano, na mwisho kichwa chote huanguka likabaki shina peke yake. Mnazi una moyo mmoja tu wa kuoteshea. Vidato mia vinavumilika, lakini moyo ukifa, hakuna chipukizi la pembeni la kuuokoa. Mkiona dalili hizo kwa mnazi wa babu, mwiteni bwana shamba mapema, maana hakuna dawa ya kumwagia mizizini.

Kwa siku zijazo: mbuzi wakiguguna mti mwingine na mkaukuta bado mbichi siku hiyohiyo, msikwangue jeraha. Ule utelezi unaweza kuotesha gome jipya ukifunikwa mara moja kwa nailoni safi na kukingwa na jua. Ikiwa pameshakauka, fundi wa kubebesha anaweza kuunganisha daraja: vijiti hai vya mchungwa, unene wa penseli, vilivyochongwa ncha zote mbili, kila kimoja kikipachikwa chini ya gome hai la chini na la juu ya jeraha, bila kugeuzwa kichwa chini, vikapangwa kuuzunguka mti. Floemu ya vijiti ikiungana na ya mti, mizizi inapata chakula tena. Kama mbuzi wameacha hata ukanda mwembamba wa gome upande mmoja, msiukate kwa kudhani mnasafisha. Huo ndio unaoulisha mti. Na waya wa kuanikia nguo uliofungwa kwenye mwembe hufanya kazi ileile ya mbuzi, ila polepole, mti unapozidi kunenepa. Vivyo hivyo anayetaka magome ya mwarobaini kwa dawa, achukue kipande cha wima upande mmoja, asizunguke.

Kuhusu gogo lililopo, kwangueni kwa ukucha chini ya jeraha, karibu na ardhi. Kukiwa kijani na majimaji, kuna uhai, kateni mti juu kidogo ya hapo na msubiri mvua. Mkipata chipukizi, angalieni limetoka wapi. Miche ya kubebesha mara nyingi hukaa juu ya shina la mlimau. Chipukizi la juu ya kiungo cha kubebesha ni chungwa mlilolijua, la chini ya kiungo litazaa limau, lakini halitupwi. Liacheni moja lililonyooka, likifika unene wa penseli fundi alibandike jicho la mchungwa mtamu wakati gome linabanduka vizuri. Kukiwa kahawia na kukavu hadi udongoni, ng'oeni, mpande mche mwingine, na mzungushie miiba kabla mbuzi hawajauona.